Ukuta wa Wageni

Siku ya wakaguzi, Mkuu wa Chuo aliamka amechoka. Usingizi alikuwa ameupata wa kutosha. Huu ulikuwa ule uchovu unaolala na mtu, ukaamka naye, ukamtangulia hata bafuni.

"Leo ndiyo leo," mumewe alimwambia, akisogeza kikombe cha chai mbele yake. "Wakikupitisha, muhula ukiisha unarudi nyumbani. Uliniahidi."

"Nilikuahidi, baba."

"Nakukumbusha tu. Maana mimi nikitaka kukuona siku hizi, labda nijiandikishe ushonaji."

"Hatupokei wanaume wasiojua hata kutunga uzi kwenye sindano."

Walicheka kidogo. Kisha mumewe akamtazama anavyovaa viatu, mguu mmoja, apumzike, halafu wa pili.

Ahadi yenyewe alikuwa ameitoa mara mbili: kwa mumewe, na kwa bodi ya chuo. Fani zote za chuo zilikwishapata ithibati isipokuwa uashi. Wanafunzi wa uashi walikuwa wakihitimu na vyeti ambavyo wakandarasi walivitazama, wakavikunja na kuwarudishia. Alisema hataondoka akiacha hali hiyo. Uashi ukipata ithibati, ataondoka muhula huohuo akiimba.

Alikuwa ameanza kazi pale kama mwalimu wa ushonaji, katika chumba kilichokuwa stoo, ambamo wanafunzi walikuwa wakigombea cherehani moja tu ambayo haikuwa ikikata uzi. Chuo kilikuwa cha watu wa mtaani: akina mama waliolea kwanza ndipo wakakumbuka shule, madereva waliochoka usukani, vijana ambao mitihani ya sekondari iliwatupa nje. Alikipenda kwa sababu hakikumuuliza mtu alikuwa wapi jana. Akapanda: mkuu wa idara, makamu, kisha Mkuu. Na kila alipopanda aliacha kitu nyuma. Kwanza mkasi, halafu chaki, halafu majina ya wanafunzi. Mwishowe akabaki na vikao. Akitoka kikao hiki anaingia kile, na katikati watu wanamdaka mlangoni.

Hivyo ndivyo alivyodakwa na makamu wake wiki iliyopita. Makamu huyo waliyemwita Hamna Shida, kwa kuwa ndilo jibu lake hata paa likivuja, alimfuata kwenye korido akisema jambo kuhusu karakana na wageni. Mkuu alisikia maneno "ipendeze" na "ukuta." Simu ilikuwa inaita.

"Fanyeni mnavyoona," alisema, akaingia kikaoni.

Sasa alisimama kwenye mlango wa karakana ya uashi, wakaguzi wakiwa nyuma yake, akaona walichoona.

Karakana iling'aa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Miiko ya kujengea ilikuwa imening'inizwa ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, imesuguliwa kama vijiko vya harusi. Na katikati ulisimama ukuta mmoja mrefu, umenyooka, umepigwa lipu na rangi, na juu yake maneno makubwa ya bluu: KARIBUNI WAGENI WETU.

Kila aliyewahi kukanyaga karakana ile alijua kwamba ukuta wa mazoezi haujengwi kwa saruji. Hujengwa kwa chokaa na mchanga, ukasimama wiki nzima, na Ijumaa hubomolewa, matofali yakakwanguliwa na kupangwa tena kwa ajili ya Jumatatu. Wanafunzi walikuwa na mzaha wao kwamba wao ndio mafundi pekee duniani wanaopewa alama kwa kubomoa.

Mkuu alimsogelea mwalimu wa uashi, mtu mrefu aliyeitwa Timazi kwa jinsi alivyosimama wima, akanong'ona.

"Huu umejengwa kwa chokaa?"

"Saruji, mama."

"Matofali yetu yote?"

"Yote. Tumeujenga sisi walimu, wanafunzi wakapaka rangi. Makamu alisema mgeni akiegemea ukuta wa chokaa, akaanguka nao, tutamweleza nini?"

"Hamna shida, mama," makamu alisema kwa sauti ya chini. "Umetoka vizuri, au siyo?"

Kweli ulikuwa umetoka vizuri. Chuo kilikuwa kimebaki na ukuta mzuri kuliko kuta zake zote, na hakuna tofali hata moja la kujifunzia.

Mkaguzi mkuu alikuwa mzee mwenye magoti mabovu. Alikuwa ametembelea vyuo vingi wiki ile, na usoni mwake Mkuu aliuona uchovu aliouacha kwenye kioo chake asubuhi. Mzee aliuzunguka ukuta polepole, akaweka pimamaji juu yake. Kipovu kikatulia katikati pasipo kutikisika. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kwa kawaida ningeomba mwanafunzi mmoja ajenge kidogo nimwone," alisema. "Ila sioni matofali."

Wanafunzi walikuwa wamejipanga ukutani kwa sare zilizopigwa pasi, kama watoto wa kwaya.

"Basi si neno," mzee aliendelea, akitafuta mahali pa kukaa. "Kazi inajisema yenyewe. Mkuu, nikuulize swali moja tu, nikusainie, niende nikapumzishe haya magoti. Huu ukuta wamejenga wanafunzi wako?"

Timazi alitazama viatu vyake. Makamu alitabasamu kwa meno yote, kichwa kikiwa tayari kinaitikia.

Mkuu aliwaza nyumbani. Aliwaza kuamka siku ambayo hakuna atakayemdaka mlangoni. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na hakuna ambaye angeumia kwa kulisikia. Kisha akawaona wale wanafunzi na mikono yao, na ikamjia kwamba ameletewa watu waliotaka kujenga, akawapanga kama mapambo. Yeye, aliyewahi kumfumulisha mwanafunzi gauni zima kwa sababu ya pindo moja.

"Hapana, mzee wangu," alisema. "Wamejenga walimu. Wanafunzi wamepaka rangi."

Makamu alikohoa. Mzee alimtazama Mkuu.

"Ungeniambia ndiyo, ningeamini."

"Najua."

"Basi nitarudi muhula ujao. Nikute vumbi humu ndani." Akainuka kwa shida, na mlangoni akaongeza, bila ukali, "Na ukuta huo msiubomoe. Unafaa kwa kuegemea."

Gari lao lilipotoka getini, mwanafunzi mmoja alitoka kwenye mstari, mama wa makamo mwenye mabega mapana, aliyekuwa akija darasani akiwa ameshapika, amefua na kuwapeleka wanawe shule.

"Mama Mkuu, niseme?"

"Sema, dada."

"Mchuma janga hula na wa kwao. Haya, sisi wa kwenu tunakula. Kuna mkandarasi ananisubiri nimpelekee cheti chenye ithibati. Ungesema ndiyo tu. Ndiyo! Ingekuuma nini?"

"Dada, heshima," Timazi alisema.

"Mwache." Mkuu alijiegemeza kwenye ukuta. Haukutikisika. "Ana haki. Nilipoulizwa kuhusu ukuta huu sikusikiliza. Kosa langu, na mnalilipa nyinyi. Lakini ningesema ndiyo, ungepata cheti cha ukuta ambao hukuujenga. Huyo mkandarasi angekupa tofali siku ya kwanza."

"Tofali naliweza!"

"Najua unaliweza. Nilitaka naye yule mzee akuone unavyoliweza."

Mama yule hakulainika. Alikunja mikono kifuani.

"Na muhula ujao wewe utakuwepo? Tumesikia unaondoka. Tusije tukaanza upya na mtu asiyetujua."

Swali hilo Mkuu alikuwa akilikimbia tangu gari lilipotoka. Simu ilitetemeka mkobani. Alijua ni nani, na anataka kusikia nini.

"Nitakuwepo," alisema.

"Na matofali?"

"Kesho asubuhi naenda mwenyewe kuyatafuta. Makamu atanibebea."

"Hamna shida," makamu alisema kwa sauti iliyokauka, na darasa zima likaangua kicheko, hata Timazi. Mama yule hakucheka, ila alifungua mikono.

Mkuu alitoka nje, akaketi kwenye ngazi ya karakana na kupokea simu.

"Haya, mama," mumewe alisema. "Niandae sherehe?"

Nyuma yake alisikia miiko ikishushwa ukutani mmoja mmoja, na Timazi akiuliza nani anakumbuka vipimo vya chokaa na mchanga.

"Muhula mmoja zaidi, baba," alisema. "Nisamehe."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu.

"Ushonaji mnaanza kupokea lini?" mumewe aliuliza.