Mkunga wa Zahanati ya Paa la Buluu

Butri alijifunza kusoma kwa kutumia kibao cha zahanati, kwa kuwa maandishi mengine yote kijijini yalikuwa ya sala, na hayo yalikuwa kazi ya watawa. Akina mama kumi na mmoja walikaa juu ya ngozi za kondoo mbele ya mlango uliofungwa, naye mwalimu aliyeletwa na shirika la hisani kwa miezi mitatu akagonga neno mojamoja kwa fimbo. Kufikia mavuno ya shayiri, wote walisoma bila kusita: MUUGUZI YUPO SAA ZOTE.

"Yuko wapi?" aliuliza Butri, akitaka kuhakikisha kwamba amesoma sawasawa.

"Umesoma vizuri kabisa," alijibu mwalimu, na darasa likampigia makofi.

Zahanati hiyo ilijengwa kwa michango ya watu wema wa mbali. Paa lake lilikuwa la buluu, kitanda chake bado kilivaa nailoni ya dukani, na ufunguo wake ulikaa mjini, mwendo wa siku nane kwa miguu, mezani kwa Bwana Norgye wa shirika.

Lhazom, binti yake Butri, alikuwa katika mwezi wa tisa wa ujauzito. Dada yake Lhazom alifariki mwaka juzi juu ya mgongo wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani, akipelekwa mjini kujifungua. Sasa ilibaki wiki moja kabla theluji haijafunga njia ya juu. Butri aliamua kuandika.

Madaftari yalikuwa yamekwisha. Alichukua kitambaa cheupe, akaandika kwa masizi ya chungu: *Naomba mkunga. Binti yangu ni Lhazom. Hima.* Kwa kuwa hakupata mtu wa kuipeleka barua hiyo, aliifunga kwenye kamba ya vitambaa vya sala, kule juu ambako upepo umezoea kusoma sala.

Upepo ukasoma. Uliisoma kwa sauti ya Butri mwenyewe, polepole, kama mtu anayefuatisha kwa kidole, bonde zima likasikia.

"Mama Lhazom!" jirani alimwita kutoka darini. "Umesoma mpaka yaki wangu wamegoma kula! Hebu mwambie huyo upepo apumue kidogo."

"Atapumua akijibiwa."

Siku ya tatu, adhuhuri, tumbusi saba walitua uwanjani, na katikati yao akatua Bibi Samdrol, mkunga wa kijiji, aliyefariki miaka tisa iliyopita na mwili wake kuachiwa ndege haohao juu ya jabali, kama ilivyo desturi ya maziko huko. Miguu yake haikuacha alama vumbini. Alijikung'uta manyoya mabegani.

"Mnapiga kelele hadi huko! Haya, chai iko wapi? Mgeni anasimamishwa kama mbuzi wa mnada?"

"Karibu, Bibi. Siagi ndiyo naitia kwenye chai."

Kikombe hakijapoa, uchungu ukamshika Lhazom. Mtoto alitanguliza miguu. Bibi Samdrol alimgeuza kwa viganja vyepesi kama manyoya.

"Sukuma, mjukuu! Yaki wa mama yako anazaa vizuri kuliko wewe!"

"Basi mwiteni yaki azae yeye!" alifoka Lhazom, na wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega.

Kabla jua halijaondoka ukingoni mwa mlima, mtoto wa kike alilia. Kijiji kizima kilipiga vigelegele na kurusha unga wa shayiri hewani hadi mbwa wakawa weupe.

Siku ya sita Bwana Norgye aliwasili kwa farasi, akiwa na kamera, mablanketi mawili na ufunguo.

"Mama Lhazom! Upepo umeisoma barua yako dirishani petu! Ofisi nzima ilisimama wima! Wafadhili watafurahi mno!"

"Na muuguzi?"

Bwana Norgye alimtazama Bibi Samdrol, aliyekuwa akimpaka mtoto siagi.

"Mkunga si huyu hapa?"

"Huyo ni marehemu, Bwana."

"Lakini yupo?"

"Yupo."

"Saa zote?"

"Sasa nikalale wapi?" aliuliza Bibi Samdrol. "Si nimeshakufa?"

Bwana Norgye alitoa fomu, akaandika. Butri alichungulia begani pake na kusoma bila kusita: *Nafasi ya muuguzi: imejazwa.* Mgeni alifungua zahanati, akampiga picha mtoto juu ya nailoni, akafunga. Kisha akanywa chai yake hadi tone la mwisho, kwa kuwa huko mgeni humaliza kikombe pale tu anapoaga, akaondoka na ufunguo. Theluji ikafunga njia nyuma yake.

Bibi Samdrol alikaa kizingitini, ameegemea mlango uliofungwa. Kati ya wenzake Butri wa darasani walikuwamo wajawazito wengine wawili. Kikombe cha Bibi kilikuwa kimefika nusu.

"Bibi, tafadhali, usimalize."

"Nani anamaliza? Wewe mimina."

Butri alimimina hadi ukingoni, chini ya kibao ambacho sasa kilisema kweli.