Boriti ya Tisa

Mchemraba wa tatu wa kupima konkriti ulipasuka mshale wa mashine ukiwa kwenye ishirini na sita. Nkirote, mpimaji wa konkriti, aliandika kwenye daftari, akakung'uta vumbi. Boriti walizokuwa wakitengeneza hapo Naro Moru zilikuwa za kujenga upya gati la karakana ya meli, kule ziwani. Ndani ya kila boriti mlipita nyaya za chuma, na mchoro ulikataza zisivutwe kabla nguvu ya konkriti haijafika thelathini na tano. Lakini baridi ya mlima ilikuwa imekaa wiki nzima, na konkriti kwenye baridi hukawia kukomaa.

Nyapara Ngatia aliingia bila kubisha. "Ngapi?"

"Ishirini na sita. Boriti ya tisa ingoje siku tano."

"Ati siku tano? Lori inakuja kesho! Andika thelathini na sita."

"Siandiki uongo, mzee."

Ngatia alimnyang'anya kalamu, akaandika mwenyewe. Nje, mkaguzi alikuwa ndani ya gari lake akila nyama choma. Alipokea daftari dirishani, akafuta kidole kimoja, akapiga muhuri.

Nkirote alikimbilia uwanjani. Mutahi, fundi wa nyaya, alikuwa ameshafunga jeki ya kuzivutia kwenye ncha ya boriti.

"Mutahi, hiyo boriti bado mbichi."

"Karatasi iko na muhuri. Nikikataa, kesho sina kazi."

"Basi vuta. Lakini usisimame nyuma ya jeki. Kuja huku kando. Tafadhali."

Mutahi alisita, kisha akasogea. Pampu ikanguruma, nyaya zikakazika. Mara konkriti ikalia kama bunduki. Waya mmoja ulichomoka, ukapita pale pale alipokuwa amesimama, ukatoboa ukuta wa mabati. Mutahi alikaa chini kwenye kokoto, mdomo wazi.

Ngatia alifika mbio. Alitazama ncha iliyopasuka, akatazama saa.

"Kuna mtu ameumia? Hakuna. Leteni simiti mzibe hapo. Waya moja haiwezi onekana ikikosa." Kisha akamgeukia Nkirote. "Na wewe rudisha helmeti. Kazi yako imekwisha."

Nkirote alivua helmeti, akaiweka juu ya boriti.

Aliyechukua mwiko alikuwa Mutahi. Alipaka simiti, akalainisha, akapaka tena, mpaka ufa ukapotea kabisa. Nkirote alisimama akingoja ainue uso.

Hakuinua.