Mtaro wa Mlangoni kwa Mtalaka

Siku ya nne mfululizo fundi mitaro alipotoka na sururu begani akisema anarudi palepale, mkewe aliamua kwamba huko hakuna mtaro wowote. Mitaro ya barabara nzima imezibuliwa kwa siku tatu, halafu kipande cha hatua kumi na mbili kimgande mtu mzima siku nne? Na kipande chenyewe, kwa bahati ya ajabu, kiko mbele ya mlango wa mtalaka wa mumewe! Wahenga walishasema mtalaka hatongozwi. Mke akapakua chakula kwenye hotpoti, akajipulizia manukato yasiyokuwa ya safari ya matopeni, akaenda kujionea mwenyewe kama mume bado ni wake.

Aliyoyakuta yalimkata maini. Mumewe amechuchumaa shimoni, ameshika ncha ya ule mpira mwembamba wenye maji, wa kupimia usawa. Aliyeshika ncha ya pili, kule mlangoni, ni mtalaka, gauni limekunjwa hadi magotini.

"Pandisha kidogo," anasema fundi.

"Hapa?"

"Hapohapo."

Utadhani chanda na pete. Wivu ukampanda mke hadi masikioni.

"Karibu, mdogo wangu," mtalaka akasema. Mdogo wangu! Ilhali mke ndiye aliyemzidi umri kwa mwaka mzima.

"Ahsante, dada. Kwani kibarua wake yuko wapi?"

"Kafuata saruji," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Msimamizi wa barabara kakataa kulaza hata kitofali kimoja cha njia ya miguu mpaka maji yatoke hapa. Mvua ikinyesha tu, yanamrudia huyu mlangoni."

"Yanamrudia," mke akasema. "Kumbe siyo maji peke yake. Dada, lete hiyo ncha, nishike mimi."

Mtalaka akampa, akaingia zake ndani. Mke na mume wakapima. Maji ya mpira yalipotulia, fundi akachora alama, akaguna.

"Sasa niambie kweli," mke akasema. "Nini kinakuweka hapa siku nne?"

"Aibu." Fundi akakaa ukingoni, akafuta matope mikononi. "Mtaro huu niliujenga mimi, mwaka ule nilipokuwa namchumbia. Hata kibarua wa siku moja anajua maji huteremka. Mimi mwisho nimeuinua kuliko mwanzo, vidole vitatu! Msimamizi nimemdanganya kuwa ni taka zimeziba. Leo nauvunja wote."

"Wewe? Vidole vitatu?"

"Yeye ndiye aliyenishikia mpira siku ile. Macho yangu hayakuwa kwenye maji."

Fundi akamtazama mkewe, akaona uso umebadilika, akaharakisha kumpoza.

"Lakini hayo ya zamani, mama watoto. Wewe angalia nilivyokujengea: bafu, jiko, ua, hakuna hata tone linalosimama. Tangu nikuoe sijakosea kipimo hata mara moja."

Aliyasema hayo kwa fahari, kama mtu anayekabidhi zawadi, kisha akafungua hotpoti akaanza kula. Chakula kilikuwa kitamu, akakisifu.

Mke hakumsikia. Alibaki ameshika mpira, akiutazama ule mtaro uliokosewa kwa ajili ya mwanamke mwingine, na akatamani, hata kwa mvua moja tu, maji yajae jikoni kwake.