Pipi za Kumtazama Mtu

Shule ilikuwa imeshamkataa mtoto, na darasa maalumu lilitaka kwanza daktari athibitishe kwamba ana usonji. Kwa hiyo mama aliketi kimya kwenye kona ya chumba cha uchunguzi, kama alivyoagizwa.

Daktari alikaa sakafuni katikati ya vikaragosi, akamwita mtoto kwa jina. Mtoto akageuka, akamkazia macho, kisha akanyoosha kiganja.

Mama alishtuka. "Nyumbani hamtazami mtu, daktari. Haki ya Mungu!"

Mama mkwe wake, aliyesimama mlangoni, aliangua kicheko. "Mjukuu wangu, mume wangu huyu, kafaulu! Wewe ukienda kazini, mimi namfundisha. Akinitazama, pipi. Akigeuza uso, namshika kidevu. Nani atamwita mgonjwa sasa?"

Daktari alishusha pumzi. "Bibi, sasa sijui kipi ni chake na kipi umemfundisha. Mwacheni bila mafunzo, mumrudishe mwakani."

"Darasa linapokea watoto mwezi huu tu," mama alisema.

Mama alimgeukia mama mkwe amtukane, lakini mdomo ulikuwa mzito. Kesho angemwachia nani mtoto aende kazini, kama si yeye?