Mshale Aliouchagua Mama Ekitela

Uvumi ulimfikia Apua Jumanne asubuhi, mikono yake ikiwa kwenye unga. Kathure, anayeuza nyanya kando ya kibanda chake cha chapati hapo Wabera, mjini Isiolo, alisema yeye si mtu wa maneno, halafu akayasema: Ekitela ameonekana kwa Dullo, fundi wa chuma nyuma ya soko la mifugo, akichagua vichwa vya mishale. Alikuwa anavibonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba, kama mtu anayenunua parachichi.

Lisemwalo lipo, watu husema, lakini hawakwambii liko wapi. Apua alikanda unga mpaka ukawa mgumu kama soli. Alijaribu kuusahau uvumi, ukakataa. Ulikuwa kama mchanga ndani ya ugali: ukitafuna unausikia, ukiacha unabaki na njaa. Maana Ekitela, mwanawe wa pekee, hakuwa mtu wa kuonekana na mshale wiki hiyo. Jumatatu iliyofuata alikuwa aripoti kazini, askari wa wanyama kwenye hifadhi upande wa Ngaremara. Vijana mia mbili walikimbia mbio za majaribio, wakachukuliwa kumi na wawili. Na kila mtu Isiolo anajua kuwinda ni jela. Sasa askari wa wanyama akikutwa na mishale kabla hata hajapewa viatu, huyo jela yake si itajengwa ghorofa?

Jioni hiyo alimkuta Ekitela ameketi mlangoni na simu. Ndani ya simu kulikuwa na mzungu mwenye tumbo, amevaa nguo zilizochorwa majani, ameshika kitu ambacho Apua hakuwahi kukiona: upinde umelazwa juu ya mti wa bunduki, na chini yake mahali pa kufyatulia. Ilikuwa kama bunduki na upinde wameoana na wazazi hawakuulizwa.

Apua akachukua sinia la maharagwe, akakaa karibu na kuanza kuchambua. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, huyo baba anauza nini. Ekitela hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alieleza kama mwalimu. Mshale mwepesi unakimbia lakini hauingii ndani. Mzito unachelewa kidogo lakini unapita hata mfupa. Kichwa kipana chenye makali yaliyosimama ni cha kuaminika. Kuna kingine kinaruka kimekunja mbawa, kikigusa mnyama kinazifungua, na kidonda kinakuwa kama mlango. Halafu uti, ile fimbo ya mshale, lazima unyooke na ulingane na kichwa, la sivyo mshale unapotea njiani.

"Na haya yote unayasomea nini?" Apua aliuliza.

"Ni ya kazi, mama."

Kazi. Apua alitupa maharagwe nje, akatia mawe kwenye sufuria.

Angeweza kumuuliza wazi. Lakini alimjua mwanawe: tangu darasa la pili, ukimfungia mlango anapitia dirishani. Ukimkataza kwa Dullo ataenda kununua Meru. Afadhali anunue hapa hapa, ila anunue mshale ambao hauwezi kuua hata panzi.

Kwa hivyo Jumatano alipanda boda mpaka kwa Dullo, Mborana wa maneno machache ambaye huongea na chuma zaidi ya watu. Apua alimwambia yeye ni mama wa yule kijana mrefu, na amekuja kusema mshale wa kijana utakuwaje. Dullo akamwaga mkebe wa vichwa juu ya gunia. Apua akainama, na mafunzo ya yule mzungu yakamrudia yote, ila aliyageuza ndani nje kama soksi. Kile kipana? Ondoa. Chenye ndoano za kurudi nyuma? Ondoa, Mungu akusamehe. Uti mzito? Hapana, leta ule mwepesi kabisa. Mwishowe akaokota kichwa kifupi kama ukucha wa kidole cha mwisho, na hata hicho hakukiamini.

"Hapa nyuma ya ncha," alisema, "zungusha uzi mnene mpaka uvimbe. Nataka ukigonga kitu uingie ukucha mmoja tu, halafu ukwame."

Dullo aliweka nyundo chini. "Usipite?"

"Usipite kabisa. Na usimwambie kwamba nilikuja."

"Kumbe nyumbani kwenu mnaelewana," Dullo alisema, akarudi kwa chuma chake.

Apua alilichukua hilo kama tusi. Akalimeza, kwa sababu alikuwa amepata alichotaka.

Jumamosi asubuhi Ekitela aliaga kwamba anaenda kumwona Joy, mke wake, ambaye alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita na alikuwa anapumzika kwa mama yake, Aule, huko Ngaremara. Wakati wa kujifungua Joy alipoteza damu nyingi. Kwenye zahanati walimpa vidonge, wakamwambia ale maini na mboga. Hayo Apua aliyajua. Asichojua ni kwa nini mtu anayeenda kuona mtoto mchanga amebeba gunia refu jembamba. Akangoja boda ya Ekitela ipotee, akasimamisha nyingine.

Alishuka kabla ya boma la Aule, akajibanza nyuma ya mti wa miiba. Alikuwa na sketi ya kanisa, maana baadaye kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Akamwona Ekitela anatoa kwenye gunia upinde mdogo kama wa kuchezea, na mshale. Anaangalia huku, anaangalia huku. Mara, kutoka upande wa barabara, akaja mwanamume amevaa suruali ya kijani ya askari wa wanyama, anamwendea Ekitela moja kwa moja, mkono uko kiunoni.

Apua alimjua. Alikuwa Lobokat, mkubwa wa askari wa hifadhi, yule yule aliyesoma majina ya wale kumi na wawili.

Apua alitoka mtini. Kipande cha sketi kilibaki. "Huo mshale ni wangu," alisema akihema, mikono juu kama alivyoona kwenye televisheni. "Nilichagua mimi. Kichwa ni mimi, uti ni mimi, hata ule uzi ni mimi. Mtoto hana kosa. Niandike mimi. Apua, mama chapati, Wabera."

 Mkono wa Lobokat ukatoka kiunoni, umeshika kamba ya ngozi. Hapo ndipo Apua alipowaona wengine: dume la ng'ombe limesimama linacheua, Aule na kibuyu chake, Joy kivulini na mtoto kifuani, wote wanamtazama kama mtu aliyeanguka kutoka juu.

Walimweleza polepole. Lobokat ni ndugu mdogo wa Aule, na dume ni lake. Amekuja kulishika mwenyewe litolewe damu kidogo, Joy anywe na maziwa. Ndivyo walivyofanyiwa hata bibi zake Apua, mama wa wazazi wake, walipozaa. Lakini baba yake Apua alikuwa mpishi wa wamisheni mjini, na ng'ombe waliyemjua vizuri kwao ni yule wa kwenye supu. Mshale wa kazi hiyo ni mwepesi, ncha kama ukucha, na uzi umezungushwa nyuma ya ncha, utoboe mshipa wa shingo lakini usipite; ndio huo huo Ekitela alikuwa ameshamwagiza Dullo. Ule wa zamani wa boma ulikuwa umevunjika. Na yule mzungu wa kwenye simu? Lobokat ndiye aliyemtuma kwa askari wapya wote, wajue vidonda watakavyokutana navyo porini.

"Na mbona ulinificha?" Apua alimuuliza mwanawe.

Ekitela aliangalia chini. "Pasta wenu anakataza damu. Nilijua utasema hapana."

"Ningesema hapana."

"Na sasa?" Aule akauliza. "Umeapa mbele ya askari kwamba mshale ni wako. Unaukana saa hii?"

Apua alimwangalia Joy. Midomo ya yule msichana ilikuwa myeupe kama unga wa kibandani. Akasogea kivulini kwake. Lobokat akauchukua mshale, akaulaza juu ya kidole aone kama unalingana, akasema hajaona uliopimwa vizuri hivi, na kama hifadhi ingekuwa inachukua kina mama, mbio angemsamehe.

Kamba ikafungwa shingoni mwa dume, mshipa ukavimba. Ekitela akapiga. Mshale ukaingia ukucha mmoja, ukaanguka wenyewe, na damu ikaja kibuyuni kama uzi. Ilipotosha, kamba ikalegezwa, kidonda kikazibwa, na dume likarudi kwenye majani kana kwamba limeumwa na mbu. Apua alikuwa amefumba jicho moja. Kwa lile lingine aliuona uzi wake umezuia pale pale alipotaka, na moyo ukamsaliti ukafurahi.

Damu ikachanganywa na maziwa, Joy akapewa kibuyu. Apua akamshikia, uso ameuelekeza barabarani. Alisema haoni kitu, na asiyeona kitu hana la kumwambia pasta. "Kunywa, mama," akamwambia. "Polepole."

Kabla ya kuondoka alidai mshale ulale kwa Aule na usivuke mlango wa boma, na Lobokat akasema hata yeye angesema hivyo. Jumatatu Ekitela aliripoti mikono mitupu, akapewa viatu.

Jumanne Kathure alikuja na uvumi mpya, kwamba kuna mama fulani alionekana Ngaremara ameinua mikono mbele ya askari. Apua alipangusa unga mikononi. Alichana karatasi kwenye daftari, akaandika, akaibandika kibandani chini ya bei ya chapati, kina mama wenye vijana wasome.

MAMBO YA KUEPUKA

Kuwinda. Kwa upinde, kwa mtego, kwa mbwa, kwa yote.

Kununua kichwa kipana cha mshale, au chenye ndoano, au kinachofungua mbawa. Cha ng'ombe ni kifupi.

Mshale wa ng'ombe usiofungwa uzi nyuma ya ncha.

Kutembea na mshale barabarani, hata ukiwa wa ng'ombe. Ulale bomani.

Kumwachia asiyejua ashike upinde, au kutoa damu kwa ng'ombe mgonjwa.

Kuacha vidonge vya zahanati kwa sababu umekunywa damu.

Kuchambua maharagwe ukiwa na hasira.

Kujificha kwenye miiba na sketi ya kanisa.

Kusema "ni yangu" kabla ya kujua ni nini.

Kumuuliza jirani jambo ambalo mtoto wako yuko nyumbani umuulize.