Bomba la Upepo

"Hilo bomba la maji tu," alisema mzee Clement, mkuu wa msafara wa makumbusho uliokuja kukusanya vitu vya kale, akaliweka kando pamoja na vitu visivyotakiwa.

Nilikuwa nimechuchumaa uani kwa bibi Nesta, kule Itaka, kati ya mikeka ya kuanikia kahawa. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa moja: kutafsiri Kinyiha. Mwaka mzima ulikuwa umepita tangu nimalize chuo, na nyumbani Mpemba baba yangu, Zabron, aliwaambia majirani kuwa binti yake Imelda kasomea kuchora. Sikusomea kuchora. Nilisomea historia ya sanaa, yaani nilifundishwa kutazama. Kabla hujakipa kitu jina, kiulize kilishikwa wapi na kiliungua wapi.

Nikalichukua lile bomba la udongo. Mdomo wake mmoja ulikuwa umeyeyuka zamani, ukang'aa kama kioo cheusi.

"Mzee, hili halikupitisha maji. Limepitisha upepo, kwenye moto mkali sana."

"Binti, tumekuita utafsiri."

"Ndiyo, mzee. Ndicho ninachofanya."

Nikamgeukia bibi Nesta, nikamuuliza. Alicheka, kisha maneno yakamtoka kama mahindi guniani. Baba mkwe wake, Lusubilo, aliyeyusha chuma. Tanuru lake lilikuwa nyuma ya kilima, na wanawake hawakuruhusiwa kulisogelea. Bomba, bibi aliliokota mwenyewe baada ya mazishi ya mzee huyo. Akatupeleka migombani kutuonyesha mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikiyeyushwa, mazito na meusi, ambayo miaka yote ameyatumia kuzuilia mlango wa banda la kuku.

"Mbona hukusema mapema, bibi?" nikamuuliza.

"Nani aliniuliza, mjukuu wangu?"

Mzee Clement alivua miwani. Akapiga magoti vumbini, akaupapasa ule mdomo ulioyeyuka.

"Kutazama hivi umefundishwa wapi?"

Nikamwambia. Hakucheka.

Barua ya kazi kutoka makumbusho ilikuja miezi mitatu baadaye. Baba aliisoma amesimama, na Jumapili akaenda nayo kanisani. Tangu hapo nimepokea vitu vingi kama mhifadhi, vingine vizuri kuliko lile bomba. Lakini siku ninayoirudia ni ile, tulipokuwa tukijaza kadi ya kumbukumbu ya bomba pale uani.

"Jina lake mtaliandika?" bibi Nesta aliuliza.

Kadi haikuwa na nafasi ya jina la fundi. Nikaigeuza, nikaandika pembeni kwa herufi kubwa: Lusubilo, wa Itaka. Mzee Clement alisubiri wino ukauke, ndipo akaweka sahihi.