Bomba Lililobaki Ukutani

Kufika saa nne asubuhi tangi la mafuta lilikuwa limeshakatwa vipande viwili, na Bi Ludivine Ouellette hakuwa ametoa hata chozi moja, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Kwa miaka hamsini na minne tangi lile lilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba yake likilisha tanuri kila msimu wa baridi. Sasa vipande vyake vilikuwa vimepanguswa kwa unga wa mbao na kufunikwa turubai kwenye tela la fundi, nyuma ya nyumba, tayari kwa safari ya kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sebuleni mashine mpya ya umeme ilikuwa inapuliza joto tangu juzi, kimya kimya, kama mgeni mwenye adabu.

Kilichompandisha presha ni bomba.

"Na hilo je?" aliuliza, akilionyesha kwa fimbo.

Dwight Haskell, fundi aliyetoka kusini kuja bondeni kutoa matangi ya watu, alikuwa anakusanya misumeno yake. Aliinua macho kwa uvivu. Mabomba mawili yalipenya ukuta wa mawe wa chumba cha chini hadi nje: moja nene la kujazia mafuta, na jingine jembamba la kutolea hewa, lenye filimbi ndani yake. Mafuta yakiingia, hewa hutoka ikipiga filimbi. Tangi likijaa, filimbi hunyamaza na mwenye lori hufunga. Watoto wa bonde lile huijua sauti hiyo kabla hawajajua kusoma.

"Hayo yamejengewa na mawe, mama. Jumatatu nitapita na saruji niyazibe."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo maana nasema Jumatatu."

"Na lori likija kesho?"

"Si uliwapigia simu ukawaambia hutaki tena mafuta?"

"Mara mbili."

"Basi."

"Basi nini? Anayepokea simu ndiye anayeendesha lori?"

Dwight alicheka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mashua ya kuvulia samaki nyumbani, na siku ya Ijumaa akili yake ilitangulia kwenda ziwani kumngoja.

Alichokuwa hajui ni habari ya Normand, marehemu mume wa Bi Ludivine, aliyeendesha lori la mafuta miaka thelathini na nane. Kule bondeni mwenye lori habishi hodi. Abishe ya nini, wakati watu wako kazini na ofisi imeshapiga hesabu ya siku za baridi ikajua tangi la nani linakaribia kukauka? Huburuta mpira wake kwenye theluji, huufunga kwenye bomba, hujaza, huchomeka risiti mlangoni na kuondoka. Asubuhi moja ya Januari, Normand alifanya vivyo hivyo kwa akina Bellefleur, mkabala na kanisa. Tangi lao lilikuwa limetolewa wiki iliyotangulia, na fundi akaacha bomba. Upepo ulikuwa unavuma, na Normand akadhani amesikia filimbi. Akamimina galoni mia na themanini kwenye sakafu tupu ya udongo.

Kisima kiliharibika. Nyumba ilinuka hadi dari, ikabidi ibomolewe, na akina Bellefleur wakahama na watoto watano. Hakuna aliyemlaumu Normand, maana jina lilikuwa kwenye orodha na bomba lilikuwa ukutani. Lakini tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisa lile, kwa sababu mlango wake ulitazama kiwanja kitupu. Alikuwa akiendesha maili kumi na mbili kila Jumapili kwenda kusali kanisa jingine. Alikufa hivyo, na Bi Ludivine alikuwa na uchungu na jambo hilo kuliko hata na kifo chenyewe.

Hayo yote hakumwambia Dwight. Alichofanya ni kuchukua nyundo kubwa ya marehemu pale ilipokuwa imetundikwa, akaiinua kwa mikono miwili, akaupiga ukuta.

"Mama! Utaangusha nyumba!"

"Yangu. Niache niiangushe." Akapiga tena. Kipande cha chokaa cha ukubwa wa ukucha kikadondoka.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Themanini na moja. Kwa mwendo huu nitamaliza nikiwa na tisini. Wewe nenda kavue samaki."

Dwight alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Kisha akamnyang'anya nyundo, kwa upole, huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona kizee mbishi namna hii. Akachukua patasi na kuanza kugonga. Kazi ilikula saa nzima na vumbi lake. Bomba la filimbi lilitoka kwanza. Lile nene lilikatalia mwishoni, wakalivuta wote wawili, yeye mbele na bibi nyuma yake akimshika mkanda, mpaka likachomoka ghafla wakakaa chini pamoja. Tundu likabaki ukutani, likiingiza mwanga na baridi.

Ndipo waliposikia mngurumo uani.

Bi Ludivine hakuhitaji kuambiwa. Amezaa na kulea akisikiliza mngurumo huo. Aliinuka, akaweka jicho kwenye tundu. Akaona buti, mpira mweusi ukiburutwa, kisha kichwa cha chuma cha mpira kikaja kikipapasa mawe karibu na pua yake. Nyuma ya mpira huo kulikuwa na uso wa Darlene Cyr, aliyekuwa mpishi wa shule kabla ya kushika usukani.

"Unatafuta nini, Darlene?"

Darlene alipiga yowe, akaangusha mpira. "Mama Ouellette! Unafanya nini humo ukutani?"

"Nakungoja. Unatafuta nini?"

"Bomba! Orodha inasema galoni mia mbili."

"Bomba ninalo huku. Tangi liko kwenye tela nyuma ya nyumba."

Darlene alichuchumaa polepole akashika mawe ya ukuta. "Mungu wangu," alisema. "Mimi huwa sibishi hodi."

"Hakuna anayebisha, mwanangu. Njoo unywe kahawa."

Jikoni aliwapikia chapati za unga wa ngano nyeusi, akawaeleza habari ya Normand bila kupunguza neno. Darlene alilia waziwazi. Dwight hakugusa chapati. Alikuwa anazungusha kikombe mezani.

"Mwezi huu nimeacha mabomba kwenye nyumba nyingine tatu," alisema hatimaye.

"Kwa nani?" aliuliza Darlene.

Akawataja. Darlene akatoa orodha ya malori yote ya siku hiyo, akaipitishia kidole. Wawili hawakuwemo. Wa tatu, Pelletier wa mtaa wa kanisani, alikuwa chini kabisa. "Huyo ni wa lori la mwenzangu Gil. Saa nane leo. Na simu ya Gil haishiki kule mlimani aliko."

"Piga ofisini," alisema Dwight.

"Mimi nilipiga mara mbili," alisema Bi Ludivine.

Dwight alikuwa ameshasimama. Alibeba patasi, akatafuta nyundo kwa macho, akaikuta mkononi mwa bibi aliyekuwa anavaa koti.

"Mama, nje kuna barafu."

"Nyundo ni yangu. Inakokwenda nakwenda."

Darlene alimpandisha kwenye lori, kile kiti cha juu ambacho hakuwa amekikalia tangu Normand astaafu. Mle ndani mlinukia mafuta na kahawa ya jana, kama mume wake alivyonukia kila jioni, na hapo ndipo machozi yalipokuja. Aliyaacha yatiririke. Yalikuwa machozi ya furaha, kwamba safari hii bomba limetoka kabla ya mafuta, naye alilijua hilo.

Walipofika mkabala na kanisa, kiwanja cha akina Bellefleur kilikuwa majani matupu. Hakugeuza uso. Alikitazama mpaka kikapita, nyundo ikiwa mapajani mwake, na gari la Dwight likiwa mbele yao linakata kona kwenda kwa Pelletier.

"Kanyaga mafuta, Darlene," alisema. "Saa nane ni sasa hivi tu."